Mama Eugénie na Watoto Wasio na Jina Bado

Ijumaa tarehe 29 Agosti 2025, Mama Eugénie Kabulo anastaafu baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Uzazi cha Mapendano, hapa Panda, kwa miaka thelathini na mitano na karibu miezi kumi na moja. Aliingia tarehe 2 Oktoba 1989 akiwa mpiga chapa. Anatoka akiwa karani wa uandikishaji, cheo kilekile alichopewa mwaka 2007. Kati ya siku hizo mbili alitengeneza kitu ambacho mafundi wa ofisi yetu kuu ya Lubumbashi walishindwa kukitengeneza. Na Jumatatu tarehe 1 Septemba, siku ya kwanza ambayo hatakuwa kazini, mafundi haohao wanakuja kukifuta.

Mkurugenzi wetu, Bwana Placide Mwepu, aliniomba niandike ukurasa mmoja wa maneno matamu kwa ajili ya jarida la kituo. Mimi ni Ghislain Kapya, mkuu wa ofisi ya uandikishaji, na kwa miaka kumi na minne Mama Eugénie ameketi meza ya pili kutoka yangu. Maneno matamu ninayo na nitayasema. Lakini nina hasira pia, nimejaribu kuimeza tangu wiki iliyopita na imekataa kushuka. Mtanisamehe ukurasa ukizidi mmoja.

Nianze na vicheko, maana anavistahili. Mwaka 1989 kituo kilikuwa na mashine moja tu ya kuchapa, na herufi yake ya R ilikuwa imekatika. Kwa miaka mitatu kila cheti kilitoka na mapengo, na Mama Eugénie aliyajaza kwa kalamu, R moja baada ya nyingine, huku akiimba nyimbo za misa. Siku moja akaja baba aliyetaka mwanawe aitwe Robert-Richard. Mama Eugénie alimtazama, akamwambia arudi kesho na kalamu yake mwenyewe. Yule baba alirudi kweli, na kalamu mbili.

Kompyuta zilifika mwaka 2007. Mafundi waliozifunga waliacha nyuma vitabu viwili vinene vya Kifaransa, vya kufundisha kuandika programu, na muuza karanga wa getini aliviomba ili apate karatasi za kufungia karanga zake. Mkurugenzi wa wakati ule alikuwa amekwisha kubali. Mama Eugénie aliviweka ndani ya kitenge, akaenda navyo nyumbani, na hakuna aliyemuuliza. Baada ya miaka miwili alikuwa anaandika programu zake mwenyewe, za kupanga zamu za wakunga na kuhesabu vitanda. Marehemu mume wake, Papa Damas, aliwahi kuniambia kwamba miaka ile walikula bukari, ugali wetu, iliyoungua mara nyingi kuliko katika maisha yake yote, na kwamba hakuthubutu kulalamika kwa sababu mkewe alikuwa na furaha.

Kwake yeye kila mtu ni mwanangu. Mimi ni mkubwa wake kazini, lakini mimi ni mwanangu Ghislain. Daktari mwenye mvi kichwa kizima ni mwanangu. Hata mkurugenzi alikuwa mwanangu, mpaka alipokataza.

Sasa niingie kwenye yenyewe. Mwaka 2016 ofisi kuu ilituletea programu ya kuandikisha wazazi na watoto. Iliandikwa kwa lugha ndogo ya kompyuta, na lugha ya namna hiyo haiwezi kufanya kazi peke yake: inahitaji programu nyingine ya kuisoma mstari kwa mstari na kutekeleza kila amri. Hapa ofisini tunaiita mkalimani. Mkalimani akifa, kila kitu kinakufa pamoja naye. Na huyu wetu alikuwa anakufa hovyo. Unaandikisha akina mama tangu asubuhi, saa sita mchana unabonyeza kitufe cha kuchapa orodha ya siku, na kioo kinakuwa cheusi. Makarani walipiga kelele moja tu, “Imeplante!”, na wote tulijua maana yake: asubuhi nzima imepotea, kwa sababu programu ile ilihifadhi kazi ya siku baada ya kuchapa orodha na si kabla.

Mara moja kwa wiki. Mara mbili. Wiki nyingine hapana, tukashukuru Mungu. Tuliita Lubumbashi. Akaja mtaalamu mmoja, suti safi, akakaa dakika arobaini, akasema mashine ni nzima na kwamba wanawake wa dirishani wanabonyeza vitufe ovyo. Wanawake wa dirishani! Mmoja wao alikuwa akiandika programu wakati huyo bwana bado anavaa sare ya shule. Lakini alikuwa na suti na alikuwa na barua ya ofisi kuu, basi neno lake likawa ripoti, na ripoti ikawa barua ya onyo kwa Mama Eugénie, kwa sababu mara nyingi mashine ilizimika akiwa yeye kwenye zamu.

Barua hiyo niliisaini mimi. Nataka isomwe humu, mbele ya watu wote, kwa wino uleule wa pongezi. Niliambiwa nisaini nikasaini, na nilijua siyo kweli. Mama Eugénie aliisoma akiwa amesimama, akaikunja mara nne, akaniambia: “Mwanangu Ghislain, minye shiko na wazimu. Mashine njo iko na wazimu. Nitakuonyesha.” Kisha akarudi kwenye meza yake na akaendelea kuandikisha.

Mwaka 2021 Bwana Placide alipiga marufuku madaftari. Tumeingia karne mpya, alisema, karatasi ni aibu. Aliyeonekana na daftari la uandikishaji angeadhibiwa. Wote tulitii. Mama Eugénie hakutii. Alinunua daftari la shule lenye picha ya twiga, akalificha kwenye droo chini ya sanduku la chakula chake, na kila mama aliyefika dirishani aliandikwa mara mbili, kwenye mashine na kwenye twiga. Mimi nililijua daftari hilo. Nikajifanya kipofu, na hilo ndilo jambo jema pekee nililolifanya miaka ile.

Jumanne tarehe 14 Machi 2023, saa mbili asubuhi, mama mmoja kijana aitwaye Viviane alijifungua mtoto wa kiume hapa kwetu. Damu ya Viviane ni ya kundi hasi, ya mtoto ni chanya. Wakunga wanaelewa: mama wa namna hiyo lazima apigwe sindano maalumu kabla siku tatu hazijaisha, la sivyo mwili wake unaweza kumpiga vita mtoto atakayefuata tumboni. Karani aliandika habari hiyo kwenye mashine ili sindano itolewe kesho yake. Saa sita mchana mashine ikazimika. Majina kumi na moja yakapotea, na la Viviane likiwemo. Zamu zilibadilika, mkunga wa Jumatano akatazama orodha, hakuona alama yoyote, akamruhusu aende nyumbani. Alifuata kanuni, na kanuni ilisema tazama mashine.

Mama Eugénie hakuwa kazini Jumanne ile wala Jumatano, alikuwa anaumwa jino. Twiga alibaki kwa mwenzake, ambaye kwa hofu aliandika humo kila kitu, lakini hakuthubutu kulitoa drooni ili arudishe yaliyopotea kwenye mashine. Alhamisi saa saba mchana Mama Eugénie alirudi shavu limevimba, akaanza kulinganisha daftari na orodha, na akasimama ghafla hadi kiti kikaanguka. Simu ya Viviane haikupatikana. Gari la kituo lilikuwa limempeleka mkurugenzi kwenye semina. Semina ya nini? Ya ubora wa huduma. Yezu Maria!

Alipanda pikipiki ya kukodi, mama wa miaka sitini mwenye jino linalouma, akaenda Kamatanda, mtaa anakoishi Viviane. Anwani aliyokuwa nayo ilikuwa maneno mawili: nyuma ya kanisa. Alitembea kwenye nyumba za wachimbaji, vumbi mpaka magotini, akiuliza kila mlango kama kuna mama aliyejifungua Jumanne. Alimkuta Viviane anafua nepi. Viviane aliona gauni la kituo akaogopa, akadhani wamekuja kumwambia mtoto ana ugonjwa, akamkumbatia mwanawe akasema haendi popote. Mama Eugénie aliketi chini kwenye udongo, akamwelezea habari ya damu polepole, mpaka Viviane akauliza swali moja: “Na ule atakayekuya nyuma, ataishi?” Akajibiwa ataishi kama tutaondoka sasa hivi. Saa kumi na nusu jioni sindano ilikuwa imekwisha ingia. Viviane alijifungua tena mwaka jana, msichana, kilo tatu na nusu, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Mnafikiri kuna aliyempongeza? Siku ya pili aliitwa kwa mkurugenzi kujieleza kuhusu daftari.

Lakini daftari hilo ndilo lililotoa siri. Hapa niwaeleze wasomaji wetu wa mbali jambo ambalo kwetu halina haja ya kuelezwa. Kwetu mtoto hapewi jina haraka haraka. Jina ni la mtu, shangazi au babu, na mtu huyo lazima aulizwe, naye huenda yuko Kapolowe shambani au amekwenda kuvua. Familia nyingine zinangoja kitovu kianguke kwanza. Kwa hiyo mara moja au mbili kwa wiki mama anafika dirishani na mtoto wa saa nne, karani anauliza jina, na jibu ni lile lile: “Mutoto haiko na jina bado.” Programu ya Lubumbashi haikukubali sehemu ya jina ibaki bila kitu. Iligoma, iliandika maneno mekundu. Makarani wetu wakagundua ujanja: ukibonyeza kile kitufe kirefu cha nafasi mara tatu, mashine inaona kuna kitu, inatulia, unaendelea. Nafasi tatu tupu. Kila karani wa Panda aliingizwa kazini kwa kufundishwa hivyo, na mimi niliwafundisha.

Kwenye twiga, Mama Eugénie alimwandika mtoto asiye na jina kwa nukta tatu. Alipokuwa anatafuta utetezi wake, alichora duara kwenye kila siku ambayo mashine ilizimika. Kila duara lilikuwa na nukta tatu ndani yake. Kila moja! Na siku ambazo watoto wote walikuwa na majina, mashine haikuzimika hata mara moja. Aliniita kwenye meza yake, akaandika mtoto wa uongo mwenye nafasi tatu, akabonyeza orodha. Kioo cheusi. Akawasha tena, akaandika mtoto aitwaye Yannick, akabonyeza. Orodha ikatoka. Akarudia mara tatu ili nisipate pa kujificha, na mimi nilikuwa natafuta kweli pa kujificha.

Kosa halikuwa la makarani na wala halikuwa kwenye programu ya Lubumbashi. Lilikuwa ndani ya mkalimani mwenyewe, mle anamoshughulikia maandishi. Maandishi ya ndani ya mkalimani huyo yako wazi, mtu yeyote duniani anaweza kuyasoma, na Mama Eugénie aliyasoma kwa wiki saba, jioni kwa jioni. Akakuta kipande kidogo chenye kazi ya kufuta nafasi tupu mwishoni mwa neno. Kinaanzia mwisho, kinarudi nyuma hatua moja moja. Kikikuta nafasi kinaifuta, kikikuta herufi kinasimama. Safi kabisa. Ila aliyekiandika alidhani kwamba kila neno lina herufi angalau moja ya kukisimamisha. Ukikipa nafasi tatu peke yake, kinafuta ya tatu, ya pili, ya kwanza, halafu kinaendelea kurudi nyuma hata neno limekwisha, kinatoka nje ya mpaka, kinaingia sehemu ya kumbukumbu ya mashine isiyo yake. Hapo mashine inaua kila kitu ili kujilinda.

Sahihisho lake lilikuwa mstari mmoja: kabla ya kurudi nyuma, tazama kama umefika mwanzo, na kama umefika, simama. Alilijaribu kwa majina mia nne ya kweli, kwa nafasi moja, kwa nafasi elfu, kwa neno lisilo na kitu kabisa. Tarehe 9 Mei 2023 aliliweka kwenye mashine yetu. Tangu siku hiyo mpaka leo asubuhi, mashine ya Panda haijazimika saa sita mchana hata siku moja. Miaka miwili na zaidi. Tunakula bukari yetu ikiwa bado moto.

Aliwaandikia watu wanaomtunza mkalimani huyo, watu wa mbali asiowajua na wasiomjua. Siku ya tisa walimjibu. Walilipokea sahihisho, wakamshukuru, wakaliweka jina lake kwenye orodha ya waliochangia, na toleo lililofuata likatoka likiwa na mstari wake. Siku tisa! Ofisi yetu kuu, kilomita mia moja na ishirini kutoka hapa, aliiandikia siku hiyohiyo. Baada ya miezi minne ilijibu kwamba imepokea maoni yake. Ripoti ya mwaka ikasema kikosi cha ufundi cha Lubumbashi kimeimarisha mfumo wa Panda. Kikosi! Mama Eugénie aliisoma ripoti ile akacheka mpaka machozi, nami sikucheka.

Wangeiba sifa tu, ningenyamaza, kwa sababu yeye mwenyewe hajali sifa. Lakini waliiba sifa na dawa wakaiacha mezani. Kituo chetu kidogo cha Kapolowe bado kinatumia mkalimani wa zamani. Badala ya kuwapa mstari mmoja, wamewaamuru makarani waandike BEBE kwa kila mtoto asiye na jina. Mwezi Juni walikuwa na BEBE wanne kwa siku moja, na mtoto wa Mama Danielle aliandikiwa dawa ya mtoto wa kitanda cha jirani. Mkunga alishtuka kwa wakati, asifiwe Mungu. Nani atashtuka mara nyingine?

Na sasa, badala ya kupeleka sahihisho letu Kapolowe, wanaleta ugonjwa wa Kapolowe kwetu. Jumatatu mafundi watazifuta mashine zote na kuweka mfumo mmoja ulioidhinishwa, wenye mkalimani yuleyule wa mwaka 2016. Niliwauliza kwa nini wasichukue toleo jipya, lenye mstari wa Mama Eugénie ndani yake. Jibu ninalo kwa maandishi: toleo jipya halijaidhinishwa, na marekebisho ya mtu binafsi yanaondoka na mtu mwenyewe. Jamani! Anastaafu mtu. Watoto wa Panda hawastaafu.

Kila ufungaji wa mfumo unahitaji saini ya mkuu wa uandikishaji kwenye karatasi ya kupokea. Nimemwandikia Bwana Placide kwamba sitasaini mpaka mkalimani mpya awekwe, hapa na Kapolowe. Makarani wote wanne wameweka majina yao chini ya langu. Amenijibu kwamba kuna nafasi ya mtunza depo, ghala la kituo, inayonifaa. Vizuri, depo ina kivuli. Lakini atakayeletwa kwenye kiti changu naye ataulizwa asaini, na makarani hawa wanne watakuwa wamemzunguka na daftari la twiga mkononi.

Juzi Jumatano Mama Eugénie alikuja mezani kwangu baada ya kazi, mkoba begani, akaniomba kitu kwa sauti ya chini, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. “Mwanangu, minye nitakuya Lundi. Nitaikala tu pa pembeni. Nitabaonyesha ule mustari, labda batasikia.” Miaka thelathini na mitano, barua ya onyo, vumbi la Kamatanda, wiki saba za macho mekundu, na bado alikuwa tayari kuja Jumatatu, siku yake ya kwanza ya kupumzika, aketi pembeni kama mgeni, awabembeleze watu waliomwita mbonyeza vitufe. Nilijifanya natafuta kalamu.

Najibu hapa. Mama, asante kwa kila R uliyoijaza kwa mkono. Asante kwa Viviane na kwa yule binti yake mwenye kelele. Asante kwa kunionyesha nilivyokosea bila kunidharau. Nisamehe ile barua, na usiseme haina neno, maana ina neno. Leo asubuhi wodini kuna watoto wawili wanaongoja majina, mmoja babu yake yuko njiani kutoka Kapolowe. Jumatatu saa sita mchana orodha yao itachapwa, nitaibonyeza mimi mwenyewe, na mafundi watanikuta nimeketi mbele ya mashine hiyo. Mungu akupe miaka mingi na usingizi mzito, wewe na nyumba yako yote. Tunakupenda, Mama Eugénie, na Jumatatu tafadhali usije.

Ghislain Kapya, kwa niaba ya ofisi ya uandikishaji, Panda